Namna ya kumsimamisha towashi jukwaani

Kikundi chetu cha maigizo hapa Ujiji hufanyia mazoezi uani kwangu, nyuma ya chumba cha cherehani. Ninapogawa nafasi za mchezo wa kasri, vijana hugombania khalifa, waziri na mnyongaji. Nafasi ya towashi hunibakia mkononi. "Fundi, hiyo mpe mwingine." Na anayeikubali huwa ameshapanga namna ya kuchekesha: atabana sauti, atakata kiuno, atapepea mikono. Mchezo mzima unageuka kichekesho cha mtu mmoja.

Haya ninayaandika kwa ajili ya vikundi vya Kigoma, Kasulu, Tabora na popote vinavyotaka kuigiza habari za makasri ya Waislamu wa zamani. Towashi, kwa asiyemjua, ni mwanamume aliyehasiwa, mara nyingi akiwa mtoto, kisha akauzwa au akatolewa zawadi kwa wakubwa ili awatumikie majumbani mwao. Huwezi kumkwepa. Kwa karne nyingi, Baghdad, Cairo, Cordoba hata Delhi, neno lililotoka chumbani kwa mtawala lilipita kwanza mdomoni mwake.

Chagueni kasri moja

"Zamani za kale huko Arabuni" si mahali. Chagua mji, chagua mtawala, chagua miaka. Wanaoanza nawashauri wachukue Baghdad ya khalifa al-Muqtadir, aliyetawala kuanzia 908 hadi 932. Alikalia kiti akiwa na miaka 13, kwa hiyo nguvu ilibidi ishikwe na wengine, na hao wengine ndio mchezo wenyewe. Kuna mama yake, Shaghab, aliyeingia kasrini akiwa kijakazi. Kuna wanawake wasimamizi wa nyumba ya ndani, walioitwa qahramana. Kuna mawaziri wanaopandishwa leo na kufungwa kesho. Na kuna Mu'nis, towashi, jemadari wa majeshi ya khalifa.

Mwaka 917 wajumbe wa mfalme wa Rumi, yaani wa Konstantinopoli, walipokewa Baghdad, na kasri lilipambwa ili waduwae. Wanahistoria wa mji ule wanataja matowashi 7,000, weupe 4,000 na weusi 3,000, na mapazia 38,000. Mimi fundi wa nguo, hesabu ya mapazia ndiyo iliyoninyima usingizi. Zimetiwa chumvi hizo, maana aliyezihesabu alitaka kulisifu kasri. Basi usimpe msimulizi azitamke kama ukweli mtupu. Mpe bawabu anayejigamba mbele ya mgeni, hapo zinakaa mahali pake, na watazamaji watazipunguza wenyewe. Umetajwa pia mti wa fedha wenye ndege bandia waliokuwa wakilia. Huo uacheni, utakula pesa yote ya kikundi.

Shoneni pazia kabla ya kuandika maneno

Kata vipande vya kitenge kizito, viunge, tundika katikati ya jukwaa kuligawa pande mbili. Upande wa mbele ni wa nje: mawaziri, makarani, askari, kadhi. Upande wa nyuma ni nyumba ya ndani: mama wa khalifa, wake, masuria, watoto, vijakazi. Sasa wape waigizaji sheria, na wafanye mazoezi ya mwanzo bila kusema neno. Mwanamume mzima aliye huru anakomea kwenye pazia, hata awe waziri. Wanawake wa ndani hawatoki. Khalifa anapita. Towashi anapita pande zote mbili, saa yoyote, bila kuuliza. Na qahramana naye anatoka na kuingia kwa kazi za bibi yake.

Waache wazunguke hivyo kitambo. Bila kuambiwa, wote wataanza kumtazama towashi, kwa sababu kila anayetaka kitu atamhitaji. Hapo ndipo mwigizaji wako anapoelewa ameshika nini, na hata mabega yake hunyooka. Somo hilo halifundishiki kwa hotuba.

Watakuuliza ruhusa ya kupita ilitoka wapi. Sura ya Nur, aya ya 31, inataja watu ambao mwanamke halazimiki kuwafichia mapambo yake, na miongoni mwao wamo watumishi wanaume wasio na haja na wanawake. Wanazuoni walibishana kama towashi anaingia humo au haingii. Wenye makasri hawakungoja ubishi uishe.

Tukio la kwanza la kuandika nawapa bure, maana lilitokea kweli, mwaka uleule wa 917. Waziri Ali ibn Isa, mtu wa kubana matumizi, alikuwa amepumzika nyumbani. Umm Musa, qahramana wa mama wa khalifa, alifika kuzungumzia posho ya nyumba ya ndani kwa ajili ya Idi ya Kuchinja. Bawabu wa waziri hakuthubutu kumwamsha bwana wake, akamrudisha mgeni. Umm Musa aliondoka na hasira zake hadi kwa Shaghab na khalifa. Ali ibn Isa aliondolewa na kukamatwa, na mpinzani wake Ibn al-Furat akarudishwa kwenye uwaziri. Uwaziri wa dola ya khalifa ulianguka mlangoni. Andika tukio hilo ukurasa mmoja tu, na usimpe waziri sentensi hata moja; yeye amelala.

Tukio la pili ni la towashi mwenyewe. Waziri mpya anataka kumwomba Shaghab fedha za kulipa askari. Hawezi kumwona. Anamwambia towashi maneno kumi. Towashi anapita pazia na kusema maneno saba. Shaghab anajibu kumi, towashi anarudi na manne. Mwandishi, kazi yako ni kujua yale yaliyobaki njiani yalikuwa yapi na yamebaki kwa nini. Watazamaji wasikie pande zote mbili, waziri na bibi wasisikie. Nimeona ukumbi uliokuwa ukinong'ona ukanyamaza kabisa hapo.

Mwili, sauti na mshono

Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 869, aliandika kwa kirefu juu ya miili ya matowashi ndani ya kitabu chake kuhusu wanyama. Mvulana akihasiwa kabla ya kubalehe, sauti haivunjiki, ndevu hazioti, na mifupa ya mikono na miguu hurefuka kupita kawaida. Akihasiwa baada ya kubalehe, sauti nzito haimtoki. Kwa hiyo ukiwa na matowashi wawili jukwaani, wasifanane. Mmoja anaweza kuwa na sauti ya kisichana na mwingine akanguruma kuliko khalifa.

Kwa urefu wa mikono nina dawa ya fundi: kata mikono ya kanzu ikomee juu kidogo ya kifundo cha mkono, na pindo likomee juu ya kifundo cha mguu. Mtu wa kawaida ataonekana mrefu wa viungo bila kuigiza lolote. Kitambaa kisiwe duni. Watumishi hawa walivishwa vizuri, kwani walikuwa fahari ya bwana wao. Rangi rasmi ya dola ya Abbasi, yaani ya al-Muqtadir na ukoo wake, ilikuwa nyeusi, basi siku ya baraza la khalifa wavike kaniki, wakubwa wote, towashi akiwemo. Kaniki bado ni rahisi kuliko satini, na chini ya taa haing'ari ovyo.

Nani acheze? Mimi humpenda mtu asiyejali kuchekwa, na mara mbili hivi nafasi hiyo nimeiona ikikaa vizuri kwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Anayezungumza polepole anafaa kuliko anayezungumza nyembamba. Mkataze kabisa kukata kiuno, si kwa adabu tu. Mwendo huo ni wa watu wengine. Waandishi wa Kiarabu wanawataja mukhannathun, wanaume wenye namna za kike, ambao Madina ya karne ya kwanza ya Kiislamu iliwajua kama waimbaji hodari. Hao hawakuwa matowashi kwa asili ya jambo. Tena kuna wasichana waliovikwa kivulana: al-Mas'udi anasimulia kuwa Zubayda, mjane wa khalifa Harun al-Rashid, alipoona mwanawe khalifa al-Amin amewazamia mno matowashi wake, alichagua vijakazi, akawafunga vilemba, akawavalisha kanzu za kubana na mikanda, akampelekea. Mtindo ukaenea mjini. Al-Amin alitawala 809 hadi 813, kwa hiyo wasichana hawa ukiwatia katika mchezo wa al-Muqtadir utakuwa umechelewa miaka mia moja, ila picha yenyewe inakufundisha jambo la maleba. Ndani ya kasri watu hawakugawanywa kwa suruali na gauni tu. Kulikuwa na mwanamume mwenye ndevu, kijana asiye na ndevu, mwanamke huru, kijakazi, towashi, na kila mmoja alikuwa na mahali pa kusimama na mahali alipokatazwa. Mgawanye watu kwa mahali. Nguo zitafuata.

Kicheko cha kwanza hakizuiliki. Watu wa hapa kwetu wakisikia habari za kuhasi watacheka, na wazee watakohoa. Tumia ujanja huu: neno la kwanza la towashi liwe amri inayomuumiza mtu. "Mfungueni mkanda waziri, mpelekeni ndani." Atakayecheka baada ya hapo atacheka peke yake.

Alikotoka

Hapa msipite haraka, ingawa kila mtu hutamani kupita haraka.

Sheria ya Kiislamu inakataza kuhasi mtu. Kwa sababu hiyo kazi ile ilifanyiwa mbali, mipakani au nje kabisa ya dola, na wasio Waislamu, na mnunuzi wa Baghdad akajiona mikono yake safi. Watoto walitoka nchi za Waslavi, nchi za Rumi, Nubia, Uhabeshi. Al-Umari, mwandishi wa karne ya 14, anaeleza jinsi watumwa huko Uhabeshi walivyopelekwa mahali paitwapo Washlu wakahasiwa, kisha wakafikishwa Hadya kutibiwa majeraha, na wengi wakafa. Usilitie jambo la karne ya 14 katika mchezo wa karne ya 10, lakini mwigizaji wako alisome. Na kisu kisionekane jukwaani. Nimeshaombwa na kijana mmoja atengeneze damu ya bandia kwa mawese. Nilimnyang'anya kopo.

Onyesha kwa jina. Wote jukwaani waitwe kwa jina na baba: fulani bin fulani, binti fulani. Towashi aitwe jina moja, bila baba. Watumwa wa namna hii walipewa majina ya vitu vizuri: manukato, vito, furaha. Kafur ni kafuri, Jawhar ni kito, Masrur ni mwenye kufurahi, na huyo wa mwisho ndiye aliyetumwa na Harun al-Rashid kumkata kichwa Ja'far wa ukoo wa Barmaki mwaka 803. Katika mji kama Ujiji watu hawahitaji kuelezwa desturi hiyo. Majina ya Feruzi, Almasi na Mabruki yalipita njia hiihii ya miembe, na watazamaji wako wengine ni wajukuu wa waliouzwa, wengine wa waliouza, na wengine wa wote wawili. Kwa hiyo anayecheza mfanyabiashara asiige lafudhi ya mtu yeyote wa mtaani ili achekeshe. Atamke bei, basi.

Mpe nguvu yote

Vitabu vingi vinasema watawala waliwaamini matowashi kwa sababu hawakuwa na watoto wa kurithi wala ukoo wa kupigania kiti. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni Mu'nis.

Mwezi Desemba 908 baadhi ya wakubwa walijaribu kumwondoa mtoto al-Muqtadir na kumweka binamu wa baba yake, Ibn al-Mu'tazz. Mu'nis alikuwa miongoni mwa waliolilinda kasri, na jaribio likafa ndani ya siku moja. Baadaye alikwenda Misri zaidi ya mara moja kuwarudisha nyuma Wafatimi, ukoo hasimu wa makhalifa, waliokuwa wakija kutoka magharibi, akapewa lakabu ya al-Muzaffar, mshindi. Akawa na askari wake mwenyewe, wanaomtii yeye kabla ya khalifa. Asiye na mtoto akaota jeshi. Khalifa akaanza kumwogopa mlinzi wake, na mlinzi akaanza kuogopa vinavyopangwa nyuma ya pazia. Mwaka 929 al-Muqtadir aling'olewa kwa siku chache, akarudishwa. Mwaka 932 wakakutana kwa silaha nje ya Baghdad. Khalifa alitoka amevaa joho la Mtume, na askari wa upande wa Mu'nis wakamuua. Inasimuliwa kwamba Mu'nis alipoletewa kichwa alilia na kujipiga. Alitaka mtoto wa marehemu apewe kiti, akashindwa shauri, akawekwa al-Qahir, ndugu wa marehemu. Al-Qahir alimtesa Shaghab, aliyekuwa mgonjwa, ili aonyeshe mali zake, na haukupita muda akafa. Mwaka 933 al-Qahir huyohuyo akamuua Mu'nis.

Mchezo ni huo, umeshajiandika. Kazi ya mwongozaji ni kutomfanya Mu'nis mwovu wala mtakatifu. Mwigizaji wangu wa mwisho, kijana anayeanika dagaa Kibirizi, alipata ufunguo mwenyewe: kila anapozungumza na khalifa, anasema kama mtu aliyemlea. Nilimwachia.

Wasichana wa kikundi wasibaki nyuma ya pazia usiku kucha. Wapeni Thumal. Mwaka 918 Shaghab alimteua qahramana huyu akae katika baraza la kusikiliza malalamiko ya watu, Rusafa, mtaa wa Baghdad ulio mashariki ya mto. Siku ya kwanza watu walichukia, hakuna aliyemjali. Siku ya pili akaja na kadhi pembeni yake, na kesi zikaanza kuletwa. Tukio hili lina vichekesho vya halali: mpeni kadhi kiti kidogo kuliko cha Thumal.

Kama kikundi chako kina mwigizaji mmoja mkubwa na wengine wanaojifunza, achana na Baghdad, chukua Kafur wa Misri. Mtumwa mweusi, towashi, ambaye inasemekana alinunuliwa kwa dinari 18, akawa mlezi wa watoto wa al-Ikhshid, aliyetawala Misri kabla yake, kisha mtawala wa Misri kwa vitendo tangu 946, na kwa jina lake mwenyewe kuanzia 966 hadi alipofariki 968. Mshairi al-Mutanabbi alimsifu akitumaini kupewa jimbo. Hakupewa. Mwaka 962, mkesha wa Idi, alimkimbia Kafur na kumwachia shairi linaloiuliza Idi imerudi na hali gani, lenye matusi juu ya ngozi na mwili wa mtawala. Matusi yale ni mashairi ya hali ya juu, na ndiyo hatari yake. Ukiyasomesha jukwaani, hakikisha Kafur yupo, amekaa, anapokea ripoti ya bei ya ngano huku mshairi akifoka upande wa pili. Misri haikutekwa Kafur akiwa hai. Mwaka uliofuata kifo chake Wafatimi waliingia.

Wazee, shehe na siku ya onyesho

Nenda kwa shehe wa mtaa kabla hajakuja kwako. Usianze na kasri. Anza na Madina: kwa karne nyingi, tangu zama za kati, matowashi ndio waliolinda kaburi la Mtume, wakiheshimiwa, wakiwa na mkubwa wao. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika hadi Kilwa kwetu, alikuwa ameshawaona Madina na akaeleza uzuri wa mavazi yao. Mlango ule mmoja, wa nyumba ya wanawake na wa kaburi tukufu, uliwekewa mtu wa aina moja. Shehe atakuwa na maneno ya kuongeza, mkaribishe aseme machache kabla ya mchezo. Kwa bahati njema atawanyamazisha vijana wa nyuma pia.

Atatokea mtu aulize kuhusu Zheng He, towashi Mwislamu ambaye misafara yake ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Ni wa China. Mwambie ni mchezo wa mwaka mwingine.

Taa: azima za wavuvi. Tulianza na karabai, siku hizi ni za sola, na zote zinatosha. Weka mbili nyuma ya pazia na moja tu mbele, ili kivuli cha towashi kitangulie kuonekana kabla hajatokeza. Kitenge kisiwe na bitana, la sivyo hakuna kivuli.

Siku: panga mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa ufukoni, na wenye taa na wenye kiingilio wote wako nyumbani. Mchezo usizidi saa moja na nusu. Mvua ikinyesha, ahirisha hadi mbalamwezi inayofuata. Usisogeze mbele kwa siku nne tano tu, watu watakuwa ziwani na taa zako zitakuwa nao.